Kuhama kutoka Android kwenda iPhone: shajara ya siku 23

Siku ya 1

Simu yangu ya Android inawaka, inapiga, na betri inanifikisha jioni. Lakini ukurasa wa masasisho unaonyesha kuwa sasisho la mwisho la usalama ni la mwaka 2022, na mtengenezaji ameshaitoa kwenye orodha ya simu anazozihudumia. Humo ndani mna programu ya benki, barua pepe za kazi na namba za siri za karibu kila kitu nilicho nacho. Nimeahirisha vya kutosha. Dada yangu amenunua simu mpya na kuniachia iPhone 13 yake ya GB 128, kwa hiyo nabadilisha simu na mfumo kwa pamoja, baada ya miaka tisa ya Android tupu.

Wote niliowauliza walinijibu, "Rahisi tu, inajihamisha yenyewe." Hakuna aliyeweza kunitajia kipi kinahama na kipi kinabaki. Ndiyo maana naandika siku kwa siku, ili atakayenifuata aone njia ilivyo.

Kuna kitu kimoja ambacho nikikipoteza, kazi yote itakuwa bure. Mama ana presha. Tangu Machi 2021, kila asubuhi akishapima hunitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: "Mia thelathini na sita kwa themanini na mbili, mapigo sabini na moja. Nimelala vizuri." Sekunde nane au tisa, basi. Kabla ya kila kliniki mimi hukaa nikazisikiliza na kuziandika kwenye karatasi, daktari akaona mwenendo wake. Katikati ya namba hizo yamo mambo mengine: siku aliyobadilishiwa dawa, wiki aliyosikia kizunguzungu akisimama, siku aliyosahau kunywa. Kumbukumbu hizo haziko mahali pengine popote. Mengine yote naweza kuyaanza upya.

Siku ya 2

iPhone imekataa kufunguka. Nilichagua lugha, nikaunganisha Wi-Fi, kisha ikasimama kwenye kioo kinachodai barua pepe na nywila ya mwenye simu. Barua pepe yenyewe ilionyesha herufi ya mwanzo tu, zilizobaki zimefichwa. Herufi ilikuwa ya jina la dada. Nikampigia.

"Shikamoo dada. Simu inasema bado ni yako."

"Marahaba. Mbona nilishafutiwa kila kitu? Nilikuwa nimesahau nywila, nikampa kijana mmoja akaifuta kwa kompyuta."

"Vilivyomo vimefutika, lakini akaunti yako bado imeishikilia."

"Basi nielekeze, mdogo wangu, maana hapo mimi sina ujuzi."

Kufuli hilo Apple walilileta mwaka 2013 na toleo la 7 la iOS, mfumo unaoendesha iPhone, ili simu iliyoibwa isimfae mwizi. Haliko ndani ya simu. Liko kwenye kumbukumbu za Apple wenyewe, na simu ikianza upya lazima iulize huko kwanza, kwa hiyo kuifuta kwa kompyuta hakusaidii kitu. Dada alihangaika karibu saa nzima kupata nywila mpya, akaingia kwenye tovuti ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, akafungua sehemu ya kutafuta vifaa, akaiondoa simu hii kwenye akaunti yake. Nikaizima, nikaiwasha, ikapita pale pale ilipokuwa imekwama. Yote hayo tuliyafanya yeye akiwa kwake na mimi kwangu.

Kama unanunua au unapewa iPhone iliyotumika, iwashe mpaka mwisho mbele ya mwenyewe. Mimi nilimpata dada yangu kwa simu. Aliyenunua kwa mtu asiyemjua angempata wapi?

Sikuendelea mbele. Nimeiacha kwenye kioo cha kukaribisha, kwa sababu programu ya kuhamishia, Move to iOS, hukutana na iPhone iliyo kwenye mipangilio ya mwanzo. Ukishamaliza mipangilio ndipo ukakumbuka kuhamisha, utarudi kuifuta.

Siku ya 3

Leo sikugusa simu mpya. Nimekaa na daftari na simu ya zamani, nikapita programu moja baada ya nyingine na kujiuliza swali lile lile: hiki kinakaa wapi hasa?

Majibu yamekuwa matatu. Kuna vilivyo kwenye akaunti, kama barua pepe, kalenda na noti zangu za Google Keep; hivyo havihami, nitaingia kwa akaunti ile ile na kuvikuta. Kuna vilivyoshikwa na mwenye programu, kama benki na usafiri. Huko nitajisajili upya na watanitambua kwa namba yangu. Halafu kuna vilivyo ndani ya simu yenyewe na si kwingine. Hapa ndipo penye hatari, na ndipo nilipokuta vingi kuliko nilivyodhani. Nyimbo nilizozipakua miaka ya nyuma. Picha za GB 27 kwenye memori kadi, wakati iPhone haina nafasi ya kadi ya namna hiyo. Kengele za kuamsha, ambazo nimeziandika tu kwenye karatasi. Na WhatsApp.

Kwenye WhatsApp nilikuwa nimejidanganya kwa miaka. Kila usiku inaniandikia kuwa bekapu imekamilika, nami nikalala nikijua jumbe za mama ziko salama. Bekapu hiyo inakwenda kwenye hifadhi ya Google, na WhatsApp ya iPhone haiwezi kuisoma. Yenyewe inarudisha kutoka iCloud tu. Wa iPhone akihamia Android naye anakutana na ukuta huo huo. Hadi mwaka 2022 hapakuwa na njia rasmi ya kuzitoa Android kwenda iPhone. Mwaka huo ndipo WhatsApp ilipounganishwa na Move to iOS, programu ambayo Apple walikuwa nayo tangu 2015. Masharti yake: namba ya simu iwe ile ile, na iPhone iwe mpya au iliyofutwa. Historia ya simu za WhatsApp haihami. Jumbe, picha na sauti zinahama.

Fikiria waliohama kabla ya hapo. Miaka ya mazungumzo na watu wao iliachwa kwenye simu iliyofia kwenye droo.

Siku ya 5

Majina. Nina namba za watu 640 na kidogo, na nilikuwa sijawahi kujua zimehifadhiwa wapi. Kumbe ziko sehemu tatu: nyingi kwenye akaunti ya Google, 88 kwenye laini, na 41 kwenye simu tu, bila akaunti yoyote. Hizo 41 ndizo za zamani kabisa. Yumo mwalimu aliyenifundisha darasa la saba, na fundi wa mashine ya kupimia presha.

Nimezihamisha zote kwenye akaunti ya Google kwa kutoa faili moja na kuliingiza upya, kisha nikafungua akaunti kwenye kompyuta na kuhesabu. Nikatafuta jina la mwalimu. Lipo. Kazi ya dakika 20, na ningeiruka ningegundua miezi baadaye, siku nitakayomhitaji mtu.

Siku ya 6

Funguo. Namba zile za tarakimu sita zinazobadilika kila nusu dakika, ambazo tovuti hudai baada ya nywila, kwangu ziko kwenye Google Authenticator. Mtu anayefuta simu kabla ya kuzihamisha anajifungia nje ya akaunti zake mwenyewe. Ndani ya programu kuna sehemu ya kuhamisha akaunti: simu ya zamani inatoa msimbo wa QR, mpya inausoma kwa kamera. Tangu 2023 unaweza pia kuziambatisha na akaunti ya Google zikakufuata. Nimeamua kusubiri na kutumia QR, simu zote mbili zikiwa mezani.

Leo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani: kwa kila akaunti kubwa nimechukua zile namba za akiba za kutumia mara moja, nikaziandika kwa kalamu na kuziweka pamoja na vyeti vyangu.

Nywila zangu ziko kwenye kivinjari cha Chrome. Inawezekana kuzitoa zote kwenye faili moja na kuliingiza kwingine, lakini faili hilo ni maandishi matupu, kila jina na nywila yake kwa mstari, na yeyote atakayelifungua atasoma. Silipendi. Nitaweka Chrome kwenye iPhone na kuiruhusu ijaze nywila kwenye programu nyingine. iOS inakubali hilo tangu toleo la 12.

Siku ya 8

Jaribio la kwanza. Limeshindikana.

Nilijiandaa vizuri. Simu zote kwenye chaja. Hapo nikakumbushwa kuwa nyaya zangu zote ni za USB-C, wakati iPhone 13 bado inatumia tundu la Lightning. USB-C iliingia iPhone mwaka 2023 na toleo la 15. Nashukuru dada aliniachia waya. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya nafasi: GB 41 ndani ya simu na 27 kwenye kadi, jumla 68, zinatosha.

iPhone ikafika kwenye swali la kuhamisha data. Nikachagua kutoka Android, ikaonyesha tarakimu sita. Nikaziingiza kwenye Move to iOS, simu ya zamani ikaomba ruhusa ya kujiunga na Wi-Fi ya muda ambayo iPhone yenyewe huitengeneza, nikakubali. Orodha ikaja: majina, meseji, picha, alamisho za kivinjari, akaunti za barua pepe, na chini WhatsApp. Ukigusa WhatsApp inafunguka yenyewe, inafungasha jumbe zote, na ikimaliza inajitoa kwenye simu ya zamani. Ilichukua dakika 14 kufungasha. Nikabonyeza kuendelea, mstari ukaanza kutembea.

Ulikuwa umepita nusu mama alipopiga. Simu ya kawaida, si WhatsApp. Jina lake likajaa kioo kizima, na kidole kikapokea kabla akili haijafika.

"Mwanangu, mbona kimya? Nimekutumia vipimo vya jioni, naona alama moja tu ya tiki."

"Mama, nilikuwa nahamisha simu. Vipimo vikoje?"

"Mia arobaini na nne kwa themanini na tano. Kichwa hakiumi."

Nilipokata, Move to iOS ilikuwa imesimama na iPhone inasema uhamishaji haukukamilika. Apple wameandika wazi kuwa programu hiyo lazima ibaki mbele ya kioo mwanzo hadi mwisho, na kwamba ukifungua programu nyingine au simu ikipigwa katikati, mzigo haufiki. Nilikuwa nimesoma. Kutofungua programu nyingine nilikushika. Kupigiwa sikukufikiria kabisa.

Kilichoniogopesha ni kufungua WhatsApp kwenye simu ya zamani na kukuta kioo cha kujisajili kama mtu mpya. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kuandika namba. Meseji ya uthibitisho ikaja kwenye laini, nikaingiza, na mazungumzo yakajipanga moja baada ya jingine, la mama juu kabisa. Yote yapo. Kujitoa hakufuti, data inabaki kwenye simu ya zamani mpaka uifute mwenyewe au uondoe programu. Sasa naliandika hapa kwa utulivu, ila wakati ule mikono haikuwa sawa.

Siku ya 9

Jaribio la pili, saa tano usiku. Nimemwambia mama mapema kuwa akinihitaji apige kwa dada. Nimezima na kuwasha simu zote mbili, nikairudisha iPhone mwanzo kabisa. Kwenye simu ya zamani nimewasha hali ya ndegeni kisha nikairudishia Wi-Fi peke yake, hivyo hakuna simu itakayoingia. Nimezima pia programu inayojibadilishia Wi-Fi yenyewe ikiona mtandao ni dhaifu, kwa sababu Wi-Fi ya muda ya iPhone haina intaneti na programu kama hiyo inaweza kuikimbia.

Simu ya zamani imesema imemaliza saa saba kasoro. iPhone ilikuwa bado iko mbali. Hapo ndipo wengi huharibu: kinachohesabika ni mstari wa iPhone, hata kama Android imeshakuaga. Sikugusa kitu. Ukafika mwisho saa saba na dakika ishirini na moja.

Nikahamisha laini, nikapakua WhatsApp kwenye iPhone, nikaweka namba, ikauliza kama nianze kuingiza jumbe zilizofika. Nikabonyeza.

Siku ya 10

Nimekagua.

Jumbe za mama nimezitafuta kwa tarehe. Ya kwanza kabisa, Machi 2021, ipo, nimeibonyeza na sauti ikatoka, anahesabu taratibu kwa sababu siku ile ndiyo kwanza anajifunza kusoma mashine: "Hii ya juu imeandika… mia moja hamsini na mbili." Nikaruka mwezi mmoja mmoja, nikasikiliza mbili tatu kila mwezi. Nyingine za 2022 hazikulia mpaka niliposubiri kidogo, kisha zikalia. Jumbe nilizozipigia alama ya nyota nimezikuta na nyota zake.

Nimechukua daftari la kliniki ya mwisho nikalinganisha siku 30. Zote sawasawa.

Majina nimeyakuta mara mbili mbili. Nimeelewa kwa nini: Move to iOS imeyabeba, kisha nikaingiza akaunti ya Google nayo ikayaleta tena. Programu ya majina ya iPhone, tangu iOS 16, huyaona yanayofanana na kukuuliza kama iyaunganishe. Ningejua ningeacha majina nisiyachague kwenye uhamishaji, kwa sababu yalikuwa tayari kwenye akaunti.

Picha zimefika. Nyimbo hazikufika, kama Apple walivyosema, zitapitia kompyuta. Programu za bure zenye mwenzake upande huu zilijipanga zenyewe kupakuliwa. Mbili nilizokuwa nimezilipia upande wa Android nitapaswa kuzilipia tena, malipo hayavuki. Moja nitailipia, nyingine nimeshaisahau.

Siku ya 12

Benki. Programu yao inaitambua simu na si namba peke yake, kwa hiyo kuingia kwenye simu mpya kulifunga huduma mpaka nithibitishe. Nilipiga huduma kwa wateja, nikasubiri, nikaulizwa maswali, nikaambiwa nisubiri saa 24. Kesho yake ikafunguka. Si haki kumlaumu aliyenihudumia, utaratibu unanilinda mimi. Ila ingefaa programu ikuambie mapema kuwa utakaa siku nzima bila huduma. Usihame siku ambayo una malipo.

Menyu ya laini, ile iliyokuwa na picha yake kabisa kwenye Android, hapa imefichwa ndani ya mipangilio ya mtandao wa simu. Nimehangaika nayo nusu saa.

Na laini ya pili. Simu ya zamani ilikuwa na nafasi mbili za laini. iPhone 13 niliyonayo ina nafasi moja ya kadi, na ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi. Mtandao wangu wa pili unaitoa. Walinipa msimbo wa QR, nikausoma kwa kamera, dakika tano baadaye laini ikashika. Kama mtandao wako hautoi eSIM, ujue kabla ya kuhama.

Siku ya 13 hadi 17

Vidole vinakumbuka. Siku ya kwanza niligusa chini ya kioo labda mara mia nikitafuta kitufe cha kurudi. Hapa hakipo. Unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kwenda kulia, na programu nyingi zinarudi nyuma. Nyingine hazitii, mpaka uguse alama iliyo juu kushoto, ambako kidole gumba hakifiki. Dawa yake ipo kwenye mipangilio ya ufikivu, sehemu ya mguso: ukiiwasha, ukavuta chini ukingo wa chini wa kioo, sehemu ya juu inashuka karibu na mkono. Siku ya nne nilikuwa nafanya hivyo bila kuwaza.

Nakosa kugawa kioo kwa programu mbili. Nilizoea kufungua ujumbe wa mama juu na karatasi ya hesabu chini, nikiandika huku nasikiliza. iPhone hairuhusu. Sasa naanzisha sauti, naenda kwenye karatasi, narudi.

Picha nilizopeleka kwenye kompyuta ya kazini kwa waya zilikataa kufunguka. Tangu iOS 11, mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, wenye kula nafasi ndogo, ambao kompyuta za zamani haziujui. Kwenye mipangilio ya kamera nimechagua muundo unaokubalika kote, sasa zinatoka JPEG. Zilizopigwa kabla hazibadiliki.

Lugha ndiyo iliyoniuma. Kwa miaka simu yangu ilikuwa inasema nami kwa Kiswahili: mipangilio, arifa, nafasi ya hifadhi, kila kitu. Kwenye orodha ya lugha za mfumo wa iPhone hii nimepanda na kushuka, Kiswahili hakimo. Kibodi ya Kiswahili ipo, nimeiongeza, na imenisaidia, kwa sababu kabla yake kila "nina" ilikuwa inageuzwa "Nina" na "leo" inakuwa "Leo" kama majina ya watu. Lakini simu yenyewe inanisemesha Kiingereza. Mimi nitamudu. Nawaza mtu kama mama, ambaye anasoma kila neno la onyo kabla ya kubonyeza, na anabonyeza kwa sababu ameelewa. Lugha ya watu milioni nyingi kiasi hiki inastahili kuwa kwenye orodha hiyo, na nimewaandikia Apple kupitia ukurasa wao wa maoni kusema hivyo.

Siku ya 18

Bekapu, safari hii nikiwa macho. iCloud inatoa GB 5 bure. WhatsApp yangu peke yake ni GB 11. Kwa Google nilikuwa na 15.

Ningeweza kulipia kila mwezi. Nimeamua kwanza kuweka nakala ya simu nzima kwenye kompyuta, kwa waya, na kuichagulia usimbaji, yaani kuifunga kwa nywila. Nakala isiyosimbwa haibebi nywila zilizohifadhiwa wala data za afya; iliyosimbwa inabeba. Sharti ni moja: nywila ya nakala hiyo ukiisahau, nakala haifunguki tena. Nimeiandika na kuiweka pamoja na zile namba za akiba.

Zaidi ya hapo, mazungumzo ya mama nimeyatoa peke yake kutoka WhatsApp, na sauti zake. Programu ina kikomo cha ukubwa, haikutoa yote. Lakini miezi ya karibuni sasa ipo kwenye faili za sauti za kawaida, ambazo simu yoyote itazicheza. Na vipimo vyote tangu Machi 2021 nimeanza kuviandika kwenye jedwali moja: tarehe, cha juu, cha chini, mapigo, maelezo. Nimefika Agosti 2021. Kazi ya jioni kadhaa. Daktari hahitaji WhatsApp, anahitaji namba.

Nimeandika pia kando, kwa siku nitakayorudi Android: kuzima iMessage kwanza, ile njia ya Apple ya kutumiana meseji kati ya iPhone, laini ikiwa bado ndani ya iPhone. Usipozima, wenye iPhone wataendelea kukutumia meseji kwenye njia ambayo simu yako mpya haiko, na hutazipata.

Siku ya 23

Wiki mbili zimepita tangu jaribio la pili, na kwa siku tano sijaiwasha simu ya zamani kutafuta kitu. Nimeridhika kuifuta. Itakwenda kwa mtoto wa kaka, ya kusikilizia muziki na masomo nyumbani, bila benki wala barua pepe ndani yake; nimemweleza baba yake sababu.

Nimetoa memori kadi. Nimefungua Authenticator ya iPhone na kuingia kwenye akaunti tatu kuhakikisha namba zinakubali. Kisha, kabla ya kufuta, nimeondoa akaunti yangu ya Google kwenye simu. Android nayo ina kufuli lake, tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015: simu ikifutwa kwa njia ya mkato na akaunti ikiwa bado ndani, atakayeiwasha ataulizwa nywila ya mwenye simu wa zamani. Nimekumbuka saa ile niliyokaa na dada kwenye simu. Sitaki mtoto akwame hivyo.

Nikaifuta. Ilijizungusha dakika sita, ikawaka kama imetoka kiwandani na kufungua orodha ya lugha. Nikashuka hadi Kiswahili, nikakichagua, nikaizima na kuirudisha kwenye boksi lake.

Asubuhi mama ametuma: mia thelathini na moja kwa themanini, mapigo sitini na tisa. Nimeingiza kwenye jedwali.